Advansi, stashahada au VETA: njia tatu za baada ya kidato cha nne na zinavyofika chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwezi Januari, nyumba nyingi za Tanzania huingia kwenye mjadala ule ule. Mjomba anasema advansi, yaani kidato cha tano na cha sita, ndiyo shule, mengine ni kupoteza muda. Jirani ana binti muuguzi, kwake yeye diploma, yaani stashahada, ndiyo mpango. Fundi wa mtaani anauliza kwa nini kijana asiende VETA, kwenye ufundi stadi, akajifunze umeme, maana kazi ipo. Kila mmoja ana mfano wa mtu aliyefanikiwa kwa njia anayoitetea, lakini ni wachache walioishika karatasi ya matokeo ya mtoto mwenyewe wakaisoma somo kwa somo.

Mjadala uanzie kwenye karatasi hiyo. Njia zote tatu zinafika chuo kikuu, hilo wengi hawaambiwi. Lakini kila moja ina masharti yake mbele ya safari, na baadhi ya masharti hayo yanarudi nyuma hadi kwenye matokeo ya kidato cha nne. Anayechagua kwa kutazama mlango wa kwanza tu anaweza kugundua baada ya miaka mitatu kwamba mlango wa pili ulikuwa umefungwa tangu mwanzo, na hakuna aliyemwambia.

Tupime kwa nini?

Nitaiuliza kila njia maswali matano. Inadai nini kuingia? Inachukua muda gani? Inagharimu nini kwa kweli, siyo ada tu? Ukiishia pale, una nini mkononi? Na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka nini kwa aliyepitia njia hiyo akiomba shahada?

Swali la nne ndilo linalosahaulika sana. Familia hupanga kana kwamba mtoto atatembea moja kwa moja hadi siku ya kuvaa joho. Lakini fedha hukatika, mzazi huugua, mtihani huenda vibaya. Njia inayomwacha mtu na kitu mkononi akikwama katikati si sawa na njia inayomwacha mikono mitupu, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi kwa familia isiyo na akiba.

Ili tusiongee hewani, tuchukue matokeo ya mfano. Mwanafunzi wetu amepata Kiswahili B, Historia C, Uraia C, Baiolojia C, Kiingereza D, Jiografia D, Kemia D, Fizikia D, na Hisabati F. Baraza la Mitihani, NECTA, huhesabu A kuwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5, kisha huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Hapa tunapata 23. Daraja la tatu ni kuanzia 22 hadi 25, kwa hiyo ana daraja la tatu. Ni matokeo ya kawaida kabisa, na ndiyo maana nimeyachagua. Mwenye A nane hahitaji sana makala ya namna hii.

Njia ya kwanza: kidato cha tano na cha sita

*Kuingia.* Kuchaguliwa kidato cha tano katika shule za serikali kunadai mambo matatu kwa pamoja. Lazima uwe na krediti tatu, yaani A, B au C katika masomo matatu yasiyo ya dini. Jumla ya pointi isizidi 25. Kisha, na hili ndilo huwakata wengi, masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo, unayoitaka yasizidi pointi 10 yakijumlishwa, wala pasiwe na F ndani yake.

Mwanafunzi wetu ana krediti nne na pointi 23, amevuka viunzi viwili vya mwanzo. Akiomba HKL, Historia 3, Kiswahili 2 na Kiingereza 4 ni 9, anapita. HGK, yenye Jiografia badala ya Kiingereza, nayo ni 9. Lakini akiomba PCB, Fizikia 4, Kemia 4 na Baiolojia 3 ni 11. CBG, yenye Jiografia badala ya Fizikia, vilevile ni 11. Amekwama kwa pointi moja. Kwake yeye, sayansi kwa njia ya advansi imefungwa, hata kama anaipenda Baiolojia kuliko masomo mengine yote. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za michezo, sanaa na lugha, hivyo uwanja wa kuchagua ni mpana kuliko wa kaka na dada zake. Tahadhari ni kwamba si kila shule inazo zote.

*Muda.* Masomo huanza Julai na mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, hivyo haifiki miaka miwili kamili. Baada ya hapo kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria kwa wanaoitwa, kisha chuo kikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba. Aliyemaliza kidato cha nne Novemba 2025 anaweza kuanza shahada mwishoni mwa 2028, na kama ni shahada ya miaka mitatu, akamaliza 2031. Hakuna njia ya kawaida inayofika haraka zaidi.

*Gharama.* Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kilichobaki ni sare, godoro, vitabu, michango na nauli, na nauli usiidharau: mtoto wa Kigoma anaweza kupangiwa Tanga. Bado, ukilinganisha na nyingine, hii ndiyo njia nafuu kwa mzazi katika miaka miwili ya mwanzo.

*Ukiishia pale.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Cheti cha kidato cha sita hakikufundishi kazi yoyote. Hakuna mwajiri anayetafuta mtu wa HKL kwa sababu ya HKL. Kinachofaa ni kwamba mwenye cheti hicho anaweza kusoma stashahada kwa miaka miwili badala ya mitatu, mara nyingi kwa kuwa na prinsipo moja, yaani ufaulu wa A hadi E, na S moja, alama iliyo chini ya E, kwa hiyo muda wake haujapotea wote.

*Mlango wa chuo kikuu.* TCU inataka prinsipo mbili katika masomo yanayohusika na kozi, zenye jumla ya pointi 4.0. Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa kwa sababu hesabu ya TCU inakwenda kinyume na ya NECTA. Kwa TCU, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. D mbili zinatosha. C na E zinatosha. Lakini chukua mwanafunzi aliyepata D, E na E. Kwa NECTA ana pointi 14, daraja la tatu, na nyumbani wanapika pilau. Kwa TCU masomo yake mawili bora yana pointi 3 tu, na hana sifa ya kuingia shahada moja kwa moja. Nimeona familia zikiligundua hili wakati dirisha la maombi limeshafunguliwa, na inauma sana.

Kumbuka pia kwamba pointi 4.0 ni kiwango cha chini tu. Kozi nyingi zinadai zaidi, na kufikia sifa si kuchaguliwa.

*Inamfaa* mwenye krediti zinazoendana na tahasusi anayoipenda, anayetaka shahada kwa uhakika, na ambaye bado hajajua taaluma ipi na anahitaji miaka miwili ya kukomaa. Inamfaa pia mwenye uwezo mzuri wa mitihani ya karatasi, kwa maana yote yanaamuliwa na wiki chache za Mei.

Njia ya pili: stashahada katika chuo cha kati

Hapa nitakaa zaidi, maana ndiyo njia yenye kona nyingi na ndiyo watu huisimulia vibaya kuliko zote.

Vyuo hivi viko chini ya NACTVET, baraza ambalo hadi 2021 lilijulikana kama NACTE. Elimu yake imepangwa kwa ngazi za tuzo za ufundi, ziitwazo NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, yaani diploma yenyewe. Ngazi zinaendelea: ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ya uzamili na ya 10 ya uzamivu.

*Kuingia.* Kwa kozi nyingi, anayetoka kidato cha nne anahitaji ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne yasiyo ya dini. Neno "yasiyo ya dini" lisomwe vizuri. Mwenye D nne ambazo mojawapo ni ya somo la dini ana tatu tu machoni pa chuo. Kozi nyingine huongeza masharti yake: utabibu, kwa mfano, unadai Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo.

Mrudie mwanafunzi wetu. PCB ilimkataa kwa pointi moja. Lakini kwa stashahada ya utabibu ana Kemia D, Baiolojia C, Fizikia D na masomo mengine kibao. Sifa za msingi anazo. Mlango wa sayansi uliofungwa upande mmoja umefunguka upande wa pili. Shikilia hapo hapo kwanza, kuna jambo tutalirudia.

*Muda.* Miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne katika fani za afya na ufundi. Masomo huanza karibu na Oktoba. Yule wa Novemba 2025 akianza Oktoba 2026 atamaliza katikati ya 2029 na anaweza kuingia shahada mwisho wa mwaka huo. Amechelewa mwaka mmoja nyuma ya mwenzake wa advansi. Mwaka mmoja tu, siyo "maisha yote" kama wanavyosema wajomba.

*Gharama.* Hapa uso wa mzazi hubadilika. Vyuo vingi binafsi vya afya vinatoza zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwa ada peke yake, na juu yake kuna hosteli, chakula, sare, vifaa, michango ya mitihani na gharama za kujikimu wakati wa fildi. Vyuo vya serikali ni nafuu, lakini nafasi zinagombewa. Mambo mawili yamepunguza mzigo katika miaka ya karibuni. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kufuta ada kwa wanafunzi wa ufundi wanaojiunga na DIT, MUST na Chuo cha Ufundi Arusha. Na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo, HESLB, ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, kilimo na mifugo, nishati, madini na usafirishaji. Mkopo ni mkopo: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Ila kwa familia ambayo ingeshindwa kabisa, ni msaada wa kweli.

*Ukiishia pale.* Hii ndiyo nguvu kubwa ya njia hii. Tabibu, muuguzi, fundi sanifu wa umeme, mpima ardhi, mtu wa maabara, bwana shamba: hawa wanaajirika wakiwa na stashahada tu. Matangazo ya kazi serikalini hutaja ngazi hiyo mara kwa mara, na hospitali binafsi hazisubiri shahada kumwajiri tabibu. Kuna pia manufaa ya kati. Aliyelazimika kuacha baada ya mwaka wa pili anaweza kuondoka na astashahada ya ngazi ya 5, mradi chuo kiliwasilisha matokeo yake. Wa advansi aliyeacha kidato cha tano hana cheti chochote cha ziada.

*Mlango wa chuo kikuu.* TCU inataka GPA, yaani wastani wa jumla wa alama, isiyopungua 3.0 kwenye stashahada ya NTA ngazi ya 6, pamoja na D nne au zaidi za kidato cha nne. Kwa stashahada ya ualimu na za afya, kipimo hutajwa kama wastani wa B. Fahamu kwamba mtu anaweza kuhitimu kwa GPA ya 2.4, akavaa joho, akapata kazi na kuifanya vizuri, lakini shahada isimpokee moja kwa moja. Anayelenga shahada asisome kwa shabaha ya kukwepa sapu. Asome kwa shabaha ya GPA tangu muhula wa kwanza.

Sasa lile jambo la mwanafunzi wetu. Tabibu mwenye stashahada anayetaka shahada ya udaktari hudaiwa, mbali na wastani wa B, awe na D ya kidato cha nne katika Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kiingereza na Hisabati. Hisabati yake ni F. Atasoma utabibu miaka mitatu, ataajiriwa, ataheshimika kwenye kituo chake cha afya, na siku atakayoomba udaktari, F ya ujanani itamrudisha. Dawa ipo, na ni rahisi ikitumika mapema: ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie Hisabati Novemba inayofuata akiwa bado mwaka wa kwanza au wa pili, wakati kichwa bado kina fomula. Kusubiri hadi awe na watoto wawili na zamu za usiku ni kujitesa.

Jambo la mwisho ni AVN, namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET. Mwenye stashahada haombi chuo kikuu bila namba hiyo, na namba haipatikani kama chuo hakikupeleka matokeo yake barazani. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada mahali popote, hakikisha vitu viwili tofauti: kwamba chuo kina usajili, na kwamba kozi yenyewe unayoitaka imeidhinishwa pale. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi mpya iliyopakwa rangi kwenye bango la barabarani haijaruhusiwa. Mwongozo wa udahili wa NACTVET hutoka kila mwaka na unaorodhesha kozi kwa vyuo. Usome huo, siyo bango.

*Inamfaa* anayejua taaluma anayoitaka, anayehitaji kuajirika mapema, ambaye alama zake zinatosha D lakini hazifiki krediti kwa masomo ya tahasusi yake, na mwenye familia inayoweza kubeba ada au kupata mkopo.

Njia ya tatu: ufundi stadi, VETA na vyuo vya aina hiyo

VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, na sasa ina vyuo katika mikoa na wilaya nyingi za Bara. Pembeni yake kuna vyuo 54 vya Maendeleo ya Wananchi, vyuo vya makanisa, na vya watu binafsi. Zanzibar shughuli hii iko chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Tuzo za Bara huitwa NVA na zina madaraja matatu.

*Kuingia.* Ndiyo njia yenye mlango mpana kuliko zote. Fani nyingi hupokea hata aliyeishia darasa la saba, nyingine hutaka kidato cha nne, na alama si kigezo kikuu. Angalia kalenda: maombi ya kozi ndefu hufunguliwa miezi ya katikati na mwisho wa mwaka, na masomo huanza Januari. Anayesubiri matokeo ndipo afikirie VETA kwa kawaida amekosa mwaka huo.

*Muda.* Kila daraja ni karibu mwaka mmoja, na unaweza kusimama baada ya daraja la kwanza au la pili ukaenda kazini, ukarudi baadaye.

*Gharama.* Katika vyuo vya VETA vya serikali ada ya mwaka kwa kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ongeza ovaroli, buti, na vifaa vidogo vya mkono. Vyuo binafsi hutoza zaidi.

*Ukiishia pale.* Unatoka na kazi mikononi kwa maana halisi ya neno. Fundi umeme mwenye cheti anaweza kuomba leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo fundi wa kuokota ujuzi hawezi kuipata kirahisi. Fundi magari, mchomeleaji, mshonaji, mpishi, fundi bomba: wote wanaweza kuanza kuingiza fedha kabla wenzao wa advansi hawajafika mwaka wa pili chuoni. Nasema haya kwa moyo wote, kwa sababu bado kuna wazazi wanaoitamka VETA kama adhabu kwa mtoto aliyefeli. Mtoto anayesikia hivyo siku anapofunga begi anakwenda chuo tayari amevunjika, na ufundi haujifunzwi na mtu aliyevunjika moyo.

Tuseme pia upande wa pili. Kipato cha fundi anayejiajiri hupanda na kushuka, mtaji wa vifaa si mdogo, na ajira za mshahara wa mwezi kwa NVA peke yake ni chache kuliko za stashahada.

*Mlango wa chuo kikuu.* Upo, ila una ngazi katikati. NVA haikupeleki shahada moja kwa moja. Inakupeleka kwenye stashahada, kisha stashahada ikupeleke shahada. Vyuo vingi vya ufundi humpokea mwenye NVA III aliyemaliza kidato cha nne hata kama hana D nne. Na hapa kuna kifungu ambacho watu wengi hawakijui: TCU, inapodai D nne kwa mwenye stashahada, inakubali badala yake NVA III kwa aliyekuwa na ufaulu pungufu ya masomo manne. Maana yake, kijana aliyetoka kidato cha nne na D mbili anaweza, kwa kupitia VETA hadi daraja la tatu, kisha stashahada ya uhandisi yenye GPA ya 3.0, kusimama kwenye mlango ule ule wa shahada na mwenzake aliyepata daraja la pili. Ni safari ya miaka mingi. Akianza Januari 2026, stashahada ataifikia karibu na 2029, shahada karibu na 2032. Lakini anaweza kuisafiri akifanya kazi, na hakuna kituo hata kimoja anaposhuka bila ujuzi.

Kwa mwanafunzi wetu wa pointi 23, NVA III haina kazi hiyo ya kufidia, kwa kuwa D zake zinatosha tayari. Akienda VETA, aende kwa sababu anataka ufundi wenyewe.

*Inamfaa* anayejifunza kwa mikono, anayehitaji kipato ndani ya mwaka au miwili, aliyepata daraja la nne au sifuri, na msichana aliyelazimika kukatisha shule: tangu Novemba 2021 milango ya shule imefunguliwa tena kwake, na vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimekuwa vikipokea wengi wa aina yake. Mafundi wa mtaani wasio na cheti wanaweza pia kupimwa ujuzi wao na VETA chini ya utaratibu wa urasimishaji, wakapewa cheti bila kukaa darasani miaka.

Ukikwama katikati: daraja la Chuo Kikuu Huria

Kwa waliokwama kati ya njia, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi ya kuwaandaa kwa shahada. Inampokea mwenye pointi 1.5 katika masomo mawili ya kidato cha sita, yaani E moja na S moja zinatosha, au mwenye stashahada ya GPA ya 2.0 kwenda juu, au mwenye NTA ngazi ya 5. Akimaliza kwa GPA ya 3.0, na angalau C katika masomo matatu ya kundi lake, anaomba shahada. Yule wa D, E na E tuliyemwona, na yule wa GPA ya 2.4, wote wana pa kwenda.  Waliosoma nje, tuseme Kenya au Uganda, huanzia NECTA kupata ulinganifu wa cheti chao cha sekondari.

Kwa hali yako

Kama una krediti katika masomo matatu ya tahasusi moja na unaipenda, na nyumbani hakuna fedha za ada ya chuo, advansi ina mantiki zaidi. Kama krediti zako zipo lakini zinakusukuma kwenye tahasusi usiyoitaka, jiulize mara mbili kabla ya kuripoti. Miaka miwili ya masomo usiyoyapenda, na mtihani mmoja mwishoni, ni hatari kubwa.

Kama unajua kazi unayoitaka na ina stashahada, na ada inapatikana, nenda chuo cha kati. Ila weka GPA ya 3.0 ukutani, au wastani wa B kama ni afya au ualimu. Kama umepata F ya Hisabati au Kiingereza na una ndoto yoyote ya shahada ya sayansi, panga kurudia sasa.

Kama familia inakutegemea uanze kuleta kitu mapema, VETA haikuondoi kwenye elimu ya juu. Hakikisha tu hukomei daraja la kwanza kama bado unaitaka shahada. Fika la tatu.

Kama umekaa kazini miaka kadhaa na stashahada yako na unataka kurudi kusoma, angalia mwaka uliohitimu kabla ya kutegemea mkopo. Miongozo ya HESLB imekuwa ikitaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Kuna watu walioahirisha kwa mwaka mmoja zaidi wakajikuta wako nje.

Na kama mtoto wako bado yuko kidato cha pili au cha tatu, una muda ambao wengine wote waliotajwa hapa hawana. Kama shule yake ina mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulioanza 2024, uliza ana nafasi gani. Kama yuko mkondo wa jumla, tafuta mwalimu wa Hisabati sasa hivi. Hatakiwi kuwa bingwa. D ya kidato cha nne inaanzia alama 30.